Heshima ya Kiazi: Niliyoyaona Mezani na Mitaani Ubelgiji

Maneno haya niliyasema Morogoro, mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma Ulaya, wazazi wao na baadhi ya walimu wao. Nimeyaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlionilea, wazazi mliosafiri kuja kuwasindikiza watoto wenu, ndugu zangu wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie chakula na maisha ya mjini nchini Ubelgiji, ambako nilikwenda kusomea teknolojia ya chakula katika masomo yanayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Leuven na Ghent. Habari za baridi na za fedha ya kujikimu mtazipata kwa wenzangu watakaonifuata, nami sitawachosha nazo. Ninalo jambo moja. Wabelgiji hukitendea kitu cha kila siku kwa uangalifu ambao sisi huuweka akiba kwa ajili ya harusi. Kiazi kinachouzwa kibandani, kipande cha mkate wa mchana, njia ya mtu anayekwenda kwa miguu, saa ya kumtembelea rafiki: vyote hivyo vina utaratibu wake, vina watu wanaovifikiria, na vina watu watakaokasirika vikiharibiwa. Nimelipenda jambo hilo kwa moyo wangu wote, na nitaeleza kwa nini. Lakini nitaeleza pia mahali ambapo uangalifu huo hukoma, kwa sababu unakoma, na sisi watu wa upande huu wa dunia tuna haki ya kuliona hilo na kulisema.

Tuanze na kiazi. Nani humu ukumbini hajawahi kula chipsi mayai pale Msamvu huku basi likikaribia kuondoka? Basi mnajua kwamba kaka zetu wa chipsi hukaanga viazi mara mbili: asubuhi huvipitisha kwenye mafuta mpaka viive nusu, huvirundika nyuma ya kioo, na mteja akifika huvirudisha motoni. Ubelgiji nako ni mara mbili. Tofauti iko katika namna wanavyoichukua kazi hiyo. Kiazi chenye sifa kwa jadi ni Bintje, aina ya unga mwingi iliyozalishwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20. Hukatwa vipande vinene vya kama sentimita moja. Mkaango wa kwanza ni wa joto la wastani, nyuzi 150 hivi, ili wanga wa ndani uive taratibu kabla nje hakujabadilika rangi. Kisha viazi hupumzishwa, mvuke utoke. Kisha huja mkaango wa pili, wa nyuzi 175 hadi 190, ambao ni wa dakika chache tu na ndio unaojenga gamba. Nilipofundishwa hayo darasani nilidhani ni mambo ya maabara. Nikayakuta kibandani, mikononi mwa mama mmoja ambaye hakuhitaji kipimajoto chochote.

Kibanda chake kilikuwa Leuven, kwenye njia niliyokuwa nikipita kurudi nyumbani, na jioni za mvua foleni yake ilifika barabarani. Katika foleni ile nimesimama nyuma ya mwalimu wangu wa kemia na mbele ya kijana wa kuzoa taka aliyekuwa bado na koti lake la kazi, na sote tulingoja sawasawa. Mama yule alikuwa akiinua kikapu cha waya kutoka kwenye mafuta, anakitikisa, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza. Ndiyo, ndugu zangu, kusikiliza. Friti, yaani chipsi zao, iliyoiva ikitikiswa hutoa mlio mkavu, na ile ambayo bado hutoa mlio mzito wa kitu kilicholowa. Mlio usipomridhisha, huirudisha. Jioni moja kijana mwenye haraka ya kuwahi treni alimwomba ampe zile zilizokuwa zimepumzishwa, bila mkaango wa pili, kwa bei ileile. Alikataa. Hakumkemea, alimwambia tu kwamba hizo bado si chakula, akaendelea na kazi yake, na kijana akangoja. Zilipokuwa tayari alizimimina kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pia, akanyunyiza chumvi akiwa ameinua mkono juu ili ienee, akaweka mayonezi, akachomeka uma mdogo, akampa.

Nawauliza: ni lini sisi tuliwahi kumkatalia mteja kwa sababu chakula hakijafikia heshima yake? Ni lini tuliyamwaga mafuta yaliyokaangiwa tangu alfajiri kwa sababu tu yamechoka? Sisemi haya kuwadharau kaka zetu. Nasema kwa sababu nawaheshimu, na ninaamini kazi yao ni ufundi. Kule ufundi huo una mahali pake rasmi: jamii ya Kiflemi, yaani Wabelgiji wa kaskazini wasemao Kiholanzi, ilikiingiza kibanda cha friti katika orodha ya urithi wake wa utamaduni mwaka 2014, na jamii nyingine za nchi zikafuata. Urithi wa utamaduni, wazazi wangu, ni kibanda cha chipsi! Hapa kwetu mwenye kibanda humjua mgambo tu, siku anapokuja kukivunja.

Kwa ndugu zangu Waislamu, na kwa yeyote asiyekula ng'ombe, nitoe tahadhari moja: kwa jadi friti hukaangwa kwa shahamu ya ng'ombe. Vipo vibanda vingi vinavyotumia mafuta ya mimea. Ulizeni kabla ya kuagiza. Wenyewe wamezoea kuulizwa na hawakasiriki.

Sasa tuingie mezani, maana hapo ndipo wengi wenu mtakapopata taabu. Mchana, Mbelgiji wa kawaida hali chakula cha moto. Anakula mkate: vipande viwili, jibini au nyama katikati, pengine na bakuli la supu. Chakula cha moto ni cha jioni, na jioni yao ni mapema, kwenye saa kumi na mbili. Wewe uliyezoea sahani ya wali saa saba utajiona umenyimwa. Vumilia, au nenda kwenye kantini za chuo, ambako mwanafunzi hupata chakula cha moto kwa bei anayoimudu. Lakini uutazame mkate wao vizuri. Jumapili asubuhi, wakati karibu maduka yote yamefungwa, bakeri zimefungua, na watu wazima wamepanga foleni mmoja mmoja kununua mkate wa siku hiyo. Muuzaji atakuuliza kama unataka ukatwe. Ukikubali, ataupitisha kwenye mashine mbele yako. Mkate wa jana hawautaki. Nao ni mkate tu.

Vyakula vingine nitavipitia haraka. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya bia, pamoja na kipande cha mkate kilichopakwa haradali kinachoyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito, hiyo ni tamu, na ni vyema asiyetumia kileo ajue imepikwa na nini. Kome huletwa kwenye chungu cheusi, wamechemshwa na vitunguu na seleri. Wengi ni wa Zeeland, upande wa Uholanzi. Mlaji humaliza kome wa kwanza, kisha hutumia gamba lake kama koleo la kuwachomolea wenzake waliobaki. Yako pia makate ya tundutundu yanayoitwa wafel: la Brussels ni la mstatili na jepesi, la Liège ni zito, lina chembe za sukari zinazokwaruza meno. Nyama mbichi ya kusagwa, inayopakwa kwenye mkate na kuitwa filet américain, sikuila na sitaila. Bia ni bahari. UNESCO iliutambua utamaduni wa bia wa Ubelgiji mwaka 2016, kila bia ina glasi yake, na sheria inamruhusu kijana wa miaka 16 kuinunua. Wazazi, msishtuke. Kijana aliyelelewa ataagiza chai na hakuna atakayemcheka.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo la ukarimu, kwa sababu hapo moyo wangu uligawanyika. Nilipokuwa Ghent, mama mwenye nyumba niliyopanga alinikaribisha chakula cha jioni. Alinikaribisha wiki kadhaa kabla! Alifungua kalenda iliyotundikwa mlangoni mwa jiko, akatafuta siku, akaandika jina langu kwa kalamu, kisha akaniuliza ni vitu gani sili. Nikamwambia sili nguruwe. Akaliandika na hilo, chini ya jina langu. Siku ilipofika nilikuta supu ya boga, kisha witloof. Witloof ni mboga nyeupe yenye uchungu, iliyoanza kukuzwa gizani mjini Brussels katika karne ya 19, na kwa kawaida huviringishwa ndani ya kipande chembamba cha paja la nguruwe na kufunikwa na mchuzi wa jibini. Yangu aliiviringisha ndani ya nyama ya bata mzinga, akaioka kwenye bakuli la peke yake, akaweka kijiti juu ili isichanganyike na nyingine. Hebu fikirini: mtu amekukumbuka kwa wiki zote hizo, mpaka kwenye kijiti.

Lakini jioni hiyohiyo jirani aligonga mlango kurudisha ngazi aliyoazima. Sisi tunakula, harufu imejaa nyumba nzima. Mama alisimama naye mlangoni, wakazungumza kwa bashasha, wakacheka, jirani akaaga. Hakuna aliyesema karibu chakula. Wala jirani hakutazamia kuambiwa. Kwa mtu aliyelelewa Tabora, ambako hata mpita njia hukaribishwa na aliyekwisha kunawa, jambo lile lilinichoma. Nimelifikiria kwa muda mrefu. Sikubali wanaosema Wazungu ni wachoyo. Mchoyo haoki bakuli la pili kwa ajili ya mpangaji. Lakini sikubali pia kwamba kalenda ni bora kuliko karibu. Kalenda yao imemhesabu kila aliyealikwa, na imemsahau aliyetokea. Ninyi mtakaoishi kule mtakuwa mara nyingi ndio mliotokea.

Mtalielewa hilo zaidi siku za Ijumaa. Leuven ni mji wa chuo. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425. Ijumaa alasiri wanafunzi wenyeji hutoka kwenye vyumba vyao, ambavyo kule kila mtu huviita kot, wakakokota masanduku yenye magurudumu juu ya barabara za mawe kuelekea stesheni. Wanarudi kwa wazazi wao, na nguo chafu zimo humo ndani. Mji unanyamaza. Jumapili jioni magurudumu yanarudi. Katikati hapo unabaki wewe, na Mwethiopia wa ghorofa ya pili, na Mvietnamu wa chumba cha pembeni. Usijifungie. Sisi tulikuwa tunakutana katika jiko la pamoja: mmoja analeta mchele, mwingine kuku wa halali kutoka bucha ya Wamoroko, mimi nasonga ugali. Mwethiopia alituonyesha namna ya kutengeneza injera, mkate mwembamba wa kwao, kwa unga wa ngano pale nafaka yake, teff, ilipokosekana. Nimejifunza mengi ya chakula katika jiko lile, na sikupewa cheti.

Nigeukie mji wenyewe. Jambo la kwanza utakalofanya ni kujiandikisha manispaa, na baada ya hapo polisi wa mtaa atakuja nyumbani kwako. Msiogope. Sisi polisi akibisha hodi moyo hudunda, lakini yule huja kuthibitisha kwamba kweli unaishi pale ulipoandika. Wangu alikuwa mtu mzima mwenye baiskeli. Kwanza alitazama kama jina langu limebandikwa kwenye kengele ya mlango, akachungulia chumba, akaniuliza kama kipasha joto kinafanya kazi, akanieleza siku za kuzoa taka na aina ya mifuko ya kununua, kwa maana kila aina ya taka ina mfuko wake na usipoufuata taka zako zitaachwa palepale mlangoni, jirani wote wakizitazama. Alipoondoka nilihisi kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa askari. Nilihisi nimehesabiwa.

Hata hivyo haki itendeke kwa ukweli wote. Mwenzangu mmoja kutoka Afrika Magharibi, anayesema Kifaransa kizuri kabisa, alipiga simu kuulizia chumba, akaambiwa kipo na aje akione. Alipofika na mwenye nyumba akamwona uso, chumba kikawa kimepangishwa saa hiyohiyo. Mwenzetu mwingine, mzungu, akapiga simu jioni: chumba bado kipo. Ubaguzi wa namna hiyo umekatazwa na sheria za Ubelgiji, na zipo taasisi za umma zinazopokea malalamiko yake: Unia, na kwa mambo ya nyumba upande wa Kiflemi, tangu 2023, Vlaams Mensenrechteninstituut. Yaandikeni majina hayo.

Mtashangazwa pia na mtu anayekwenda kwa miguu alivyo na thamani. Ghent, tangu Aprili 2017, katikati ya mji pamegawanywa kanda kanda, na gari haliwezi kuvuka moja kwa moja kutoka kanda moja kwenda nyingine. Sharti litoke mpaka barabara ya mzunguko, lizunguke, liingie upya. Mwenye baiskeli anakatiza tu. Asubuhi utamwona mtoto wa miaka sita kwenye baiskeli yake, mama yake pembeni ameweka kiganja mgongoni mwa mtoto anamsukuma kidogo penye mwinuko, na basi zima linakwenda polepole nyuma yao bila kupiga honi. Je, mtoto wetu anayevuka barabara kwenda shule, dereva gani anamngoja? Wenye maduka walilalamika mpango ule ulipoanza, na baraza la mji likausimamia. Miji haikuzaliwa hivyo. Watu waliamua, wakagombana, wakaamua tena. Ila kumbukeni taa za baiskeli usiku. Faini yake inauma.

Na lugha? Leuven ni Kiholanzi, Brussels ni Kifaransa na Kiholanzi, kusini ni Kifaransa, na mashariki kuna wachache wa Kijerumani. Ukipanda treni Leuven tangazo litakuwa Kiholanzi. Ukiingia Brussels yanakuwa mawili. Ukitoka kuelekea kusini Kiholanzi kinazimika. Hii ni nchi iliyofungua mojawapo ya reli za kwanza za abiria Ulaya, Brussels hadi Mechelen, mwaka 1835, na kwenye treni zake mpaka wa lugha unausikia kwa sikio. Mpaka huo ni mzito. Mwaka 1968 ugomvi wa lugha uliangusha serikali na kukigawa chuo kikuu cha Leuven: wa Kifaransa wakahamia mji mpya uliojengwa kwa ajili yao, Louvain-la-Neuve, na hata vitabu vya maktaba vikagawanywa. Kwa hiyo usimwendee muuza mkate wa Leuven na Kifaransa ulichojifunza. Kiingereza hakimuudhi. Kiholanzi chako kibovu kitamfurahisha zaidi.

Ndugu zangu, nimesema uangalifu wao hukoma mahali. Ni wapi?

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Mjini Brussels, hatua chache kutoka jengo la soko la hisa la zamani, kuna mtaa mfupi ambao kibao chake kimeandikwa kwa lugha mbili: Rue de Tabora, Taborastraat. Nilisimama chini ya kibao kile nikasoma jina la kwetu. Mtaa umepewa jina hilo kwa sababu tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, likiongozwa na Jenerali Tombeur, liliingia Tabora na kuwaondoa Wajerumani. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile walichukuliwa vijijini, wengi wao hawakurudi, na kibao hakiwataji. Miaka mitano baadaye, mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Katika kichochoro cha mtaa ule kuna mkahawa wa zamani, watu wanakula mkate wenye jibini laini jeupe na figili, wanakunywa lambic, bia ya eneo la Brussels inayochacha yenyewe kwa hamira za hewani, kama ulanzi wa Iringa. Niliula mkate ule. Ulikuwa mzuri. Niliwauliza niliokaa nao meza moja kama wanajua Tabora ni nini, na hakuna aliyejua.

Na Tervuren, kati ya Brussels na Leuven, lipo jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa upya Desemba 2018. Nendeni, lakini kabla ya kuingia nendeni kwanza kanisani. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 na kuwaweka kwenye maonyesho watazamwe na umma. Saba walifariki katika majira yale ya joto yaliyokuwa ya mvua na baridi, na makaburi yao yapo ubavuni mwa kanisa. Majina yao yameandikwa pale. Yasomeni.

Baada ya hapo shukeni Matonge, mtaa wa Waafrika ndani ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, wenye jina la kitongoji cha Kinshasa, na penye lango lake tangu mwaka 2018 kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Utasikia Kilingala kwanza, kisha utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu. Utakuta sombe, yaani kisamvu kwetu, kwanga, yaani mkate wa muhogo, ndizi, samaki wa chumvi, unga wa mahindi. Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akipima sombe aliposikia ninavyohesabu fedha kwa Kiswahili aliacha mizani, akaniuliza, "Mama, unatokeya wapi?" Nilipojibu Tanzania aliniita nyuma ya duka, akanikalisha juu ya kreti, akanipa bugali na samaki kwenye sahani aliyokuwa anaila mwenyewe. Hakufungua kalenda. Brussels ni mji wa mama huyo pia, amelea watoto wake pale, na mtu asiyefika Matonge asiseme amekula chakula cha Ubelgiji.

Nimalizie na chokoleti, kwa sababu inatuhusu sisi wa Morogoro kuliko mnavyodhani. Katika Galerie de la Reine, Brussels, mwaka 1857, Jean Neuhaus alifungua duka la dawa, na dawa zake chungu alizifunika kwa chokoleti. Mwaka 1912 mjukuu wake akabuni pralini, ganda la chokoleti lenye kiini laini ndani. Ukiingia leo katika maduka ya chokoleti ya mji ule, muuzaji mwenye glavu atakuchagulia moja moja kwa koleo, na kila moja atakueleza: hii ina njugu za hazeli zilizokaangwa, hii malai yake ni ya shamba fulani, hii iliwe ndani ya wiki mbili. Niliuliza muuzaji mmoja kakao imetoka wapi. Akajibu: Afrika. Alijua malai ni ya shamba gani, na kakao ni ya Afrika tu.

Mnaona sasa uangalifu unapokoma? Unakoma bandarini Antwerp, mojawapo ya maghala makubwa ya kakao duniani. Kabla ya hapo hakuna jina. Sehemu kubwa ya kakao hiyo ni ya Ivory Coast na Ghana, lakini yetu nayo ipo: ya Kyela, na ya hapahapa mkoani kwetu, bonde la Kilombero, vijiji kama Mbingu. Na sisi tuliosomea mambo haya tunajua kwamba ladha ya chokoleti haianzii kwenye glavu za Brussels. Inaanzia kwenye sanduku la mbao shambani, ambamo mbegu mbichi huchachushwa kwa siku tano, sita au saba, zikigeuzwa ili joto lienee, kisha hukaushwa juani. Mkulima akikosea hapo, hakuna fundi wa Ulaya atakayeirudisha ladha hiyo. Mkulima wa Mbingu anayeingiza mkono kwenye sanduku kupima joto la mbegu anafanya kazi ileile ya mama wa Leuven anayesikiliza friti. Wapo watengenezaji wadogo Ulaya ambao sasa huandika kwenye karatasi ya chokoleti jina la nchi na la bonde, na niliwahi kuikuta Kilombero imeandikwa kwenye rafu. Niliinunua, ingawa bei yake ilikuwa ya mtu mwenye mshahara.

Kwa hiyo wale mnaokwenda Ghent, ambako kuna maabara nzuri za kakao na chokoleti, nina ombi kwenu. Kila mtakapouziwa chokoleti, ulizeni ni kakao ya bonde gani. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa Kiholanzi mkiweza, na mkijibiwa Afrika, ulizeni tena. Nanyi mnaobaki hapa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Kilombero ni safari ya siku moja. Nendeni mkaone masanduku yale yanavyogeuzwa, mwandike joto na siku, ili wenzenu wa kule wawe na kitu cha kuonyesha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kuhusu mikataba ya vyumba na kujiandikisha manispaa, hayo yanahitaji karatasi mkononi. Nitabaki hapa mbele baada ya mkutano, na anayeondoka Septemba aje na barua yake ya udahili tuisome pamoja. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.